Imani kwa Taasisi na Mgawanyiko wa Jamii katika Visiwa vya Wabajuni: Mfano wa Chovae na Pwani ya Kismayo

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano kati ya imani ya wananchi kwa taasisi na mgawanyiko wa kijamii, kwa kurejelea kisiwa cha Chovae na pwani ya Kismayo, kusini mwa Somalia. Mijadala mingi ya kisera huichukulia imani kuwa ni hisia iliyomo moyoni mwa raia, ambayo hudhoofishwa na propaganda au chuki za kikabila, na ambayo hurejeshwa kwa kampeni za uhamasishaji. Makala inajenga hoja tofauti. Imani ni kumbukumbu ya mwenendo wa taasisi: namna inavyomtambua raia, inavyomhesabu na inavyomjibu anapodhulumiwa. Kwa kutumia katiba, hukumu za mahakama, ripoti za kimataifa na maandishi ya wataalamu waliotangulia, makala inaonesha kwamba taasisi zinazomhudumia raia kwa kupitia ukoo wake huuzalisha ule mgawanyiko zinaodai kuutibu. Mwishoni yametolewa mapendekezo kwa watunga sera.

Istilahi za msingi: imani, amana, mgawanyiko wa kijamii, Wabajuni, Chovae, Jubaland

1.0 Utangulizi

Kuanzia Kismayo kuelekea kusini-magharibi hadi Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, pwani ya Somalia imepakana na safu ya visiwa vya matumbawe. Vikuu miongoni mwavyo ni Koyama, Chovae na Chula. Wenyeji wa visiwa hivi ni Wabajuni, waitwao pia Watikuu, ambao lugha yao, Kibajuni, ni mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Ndugu zao wanaishi upande wa Kenya, katika Kiunga, Ndau, Faza, Kizingitini na vijiji vingine vya Lamu. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli aliwaandikia kitabu kizima kilichochapishwa Roma mwaka 1955, na katika anwani yake akawaita wavuvi wa Bahari ya Hindi. Jina hilo linaeleza riziki yao, lakini linaficha jambo moja: wavuvi hawa hawakuwahi kuishi kwa bahari peke yake. Walihitaji soko la Kismayo, mashamba ya bara, mafundi wa vyombo na mahali pa kupeleka mashtaka. Kwa hiyo walihitaji taasisi.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: kwa nini jamii ndogo isiyokuwa na jeshi wala historia ya uasi imekuwa miongoni mwa jamii zenye sababu nyingi zaidi za kutoiamini dola? Jibu lina umuhimu unaovuka mipaka ya Chovae. Somalia inaendelea kujenga upya taasisi za shirikisho, na majimbo yanabishana na serikali kuu juu ya mamlaka. Katika mabishano hayo, jamii ndogo ndiyo kipimo cha kweli. Taasisi inayowahudumia wenye nguvu tu haijathibitisha chochote, kwa kuwa wenye nguvu wangeweza kujihudumia hata bila ya taasisi.

2.0 Imani kama amana

Maneno ya Kiswahili imani, amana, uaminifu na amani yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Undugu huo wa maneno unasaidia uchambuzi. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze na kukirudisha kitakapodaiwa. Mwenye kuweka amana hafanyi hivyo kwa sababu ya hisia njema pekee. Huangalia kama mtunzaji anajulikana, kama kuna shahidi, na kama kuna mahali pa kudai iwapo mali itapotea. Raia anapolipa ushuru, anapoandikisha mtoto au anapopeleka shauri mahakamani, anaweka amana. Imani yake hukua au hufifia kwa kadiri amana hizo zinavyorudi.

Mtazamo huu unaoana na hoja za wanazuoni wa taasisi. Robert Putnam, katika utafiti wake wa mwaka 1993 kuhusu majimbo ya Italia, alisisitiza mchango wa vyama na mahusiano ya kiraia katika kuzalisha imani. Bo Rothstein wa Sweden aliugeuza mkazo huo: alidai kwamba imani huanzia kwa taasisi zinazotekeleza sera, hasa mahakama na utawala, pale zinapowatendea watu wote bila upendeleo. Kwa mujibu wa hoja ya pili, kuwataka watu waamini kwanza ndipo wahudumiwe ni kuupindua mpangilio wa mambo. Aisifuye mvua imemnyea.

3.0 Mfululizo wa tawala katika pwani ya Kismayo

Mwaka 1886 makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliitambua Kismayo kuwa miongoni mwa miji ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 eneo hilo likaingia katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kufuatia mkataba wa mwaka 1924, Jubaland ilikabidhiwa Italia mwaka 1925, na mpaka ukawekwa kati ya Wabajuni wa visiwani na jamaa zao wa Lamu. Majeshi ya Uingereza yalirudi mwaka 1941, Italia ikarejea mwaka 1950 kama msimamizi wa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Jamhuri ya Somalia ikazaliwa tarehe 1 Julai 1960. Katika umri wa mzee mmoja, mkaazi wa Chovae aliweza kuwa chini ya dola tatu bila ya kuhama nyumba yake, na hakuulizwa maoni katika mabadiliko hata mamoja.

Dola ya uhuru ilileta ahadi ya uraia sawa. Utawala wa kijeshi wa Mohamed Siad Barre, ulioingia madarakani Oktoba 1969, ulitangaza vita dhidi ya ukabila na ukaanzisha vyama vya ushirika vya uvuvi. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa maandishi rasmi kwa hati ya Kilatini, hatua iliyofuatiwa na kampeni kubwa ya kisomo. Kwa taifa kwa jumla yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa mtoto wa kisiwani aliyelelewa kwa Kibajuni, hata hivyo, shule na ofisi zilikuja kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwao. Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1960 Radio Mogadishu ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili kwa ajili ya wasikilizaji wa Kenya. Dola ilikijua Kiswahili kama chombo cha kuwafikia majirani, lakini haikukipa nafasi kama lugha ya raia wake yenyewe.

Pamoja na upungufu huo, kipindi hicho kilikuwa na jambo ambalo baadaye lilikosekana: mlango wa kubisha. Kulikuwa na afisa, polisi na mahakama ambavyo, kwa ubora au kwa ubovu, vilidai kumhudumia mtu kama raia.

4.0 Kuvunjika kwa hifadhi baada ya 1991

Serikali ya Barre iliangushwa Januari 1991. Kilichofuata katika pwani ya kusini kilifichua tofauti kati ya jamii zenye silaha na zisizo nazo. Vyombo na nyavu za Wabajuni viliporwa, watu wakauawa, na wengi wakakimbia kwa majahazi hadi Lamu na Mombasa. Kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, ilikuwa mojawapo ya makimbilio yao. Kambi za pwani ya Kenya zilipofungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, baadhi yao walirejeshwa visiwani kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi.

Waliorudi walikuta mambo yamegeuka. Ripoti ya ujumbe wa pamoja wa Uingereza, Denmark na Uholanzi ya mwaka 2000 kuhusu jamii ndogo za Somalia ilieleza kuwa visiwa vilikuwa chini ya walowezi wa koo zenye silaha kutoka bara, na kwamba Wabajuni walifanya kazi ya uvuvi kama vibarua katika maji waliyoyarithi kwa wazee wao.

Ili kuelewa kwa nini dhuluma hii haikupata wa kuirekebisha, ni lazima kuutazama utaratibu wa sheria ya kimila ya Kisomali, xeer. Chini ya utaratibu huu, mtu akiuawa au akiporwa, ukoo wa mkosaji hulipa fidia kwa ukoo wa aliyedhulumiwa. Mfumo huu umezuia umwagaji damu mwingi pale dola ilipokosekana, na haustahili kubezwa. Lakini nguvu yake inategemea uwezo wa kila upande kulipiza kisasi iwapo fidia haitalipwa. Jamii isiyoweza kutisha haiwezi kudai. Kimbilio lililobaki ni kujinasibisha na ukoo wenye nguvu ili kupata ulinzi, desturi iitwayo sheegat. Anayefanya hivyo hupata usalama kwa kulikana jina lake. Hapa ndipo mgawanyiko unapoingia ndani ya jamii yenyewe: kati ya waliokubali hifadhi na waliokataa, waliobaki na waliohama, waliopata karatasi za Kenya na walioishi kama wakimbizi. Ufa wa nje umekuwa ufa wa nyumbani.

Mji wa Kismayo wenyewe ulipita katika mikono mingi: majeshi ya koo, Muungano wa Mahakama za Kiislamu mwaka 2006, na al-Shabaab kuanzia Agosti 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wao wa Jubaland walipoutwaa mwishoni mwa Septemba 2012. Kipindi cha al-Shabaab kina somo gumu kwa watunga sera. Kundi hilo liliyavunja makaburi ya mawalii na likatoa adhabu za kikatili. Hata hivyo, katika sehemu mbalimbali za Somalia watu wameendelea kupeleka mashauri ya ardhi na madeni katika mahakama zake, hata wale wanaoishi chini ya serikali, kwa sababu hukumu hutolewa haraka na hutekelezwa bila kujali ukoo. Hofu haifai kuchanganywa na imani. Lakini hofu inayotoa hukumu huvutia wadai kuliko ofisi inayotoa ahadi.

5.0 Hesabu ya nne na nusu

Mkutano wa Arta, Djibouti, wa mwaka 2000 ulijenga ugavi wa madaraka juu ya kanuni ya nne na nusu: koo kubwa nne hupata mafungu sawa, na jamii nyingine zote kwa pamoja hupata nusu ya fungu moja. Katika bunge la wajumbe 275, hesabu hiyo imekuwa na maana ya viti 61 kwa kila ukoo mkubwa na viti 31 kwa jamii nyingine zote, zikiwemo Wabajuni, Wabarawa, jamii za Kibantu za mabondeni na mafundi wa tabaka za chini.

Watetezi wa kanuni hii hutaja sababu ya kweli: ilipunguza ugomvi kati ya makundi yaliyokuwa na silaha, na bila yake huenda kusingekuwa na bunge. Tatizo liko katika athari zake za muda mrefu. Kwanza, inamlazimisha kila raia kuwa na ukoo kabla ya kuwa na haki, na hivyo kumzawadia mwanasiasa anayeimarisha mipaka ya koo. Pili, inazigombanisha jamii dhaifu zenyewe kwa zenyewe juu ya nusu moja. Tatu, inaandika katika hesabu za dola kwamba baadhi ya raia ni nusu. Mwananchi wa Chovae hahitaji kupotoshwa na mtu yeyote ili ashuku taasisi kama hiyo. Anahitaji tu kujua kujumlisha.

Katiba ya mpito ya tarehe 1 Agosti 2012 ina lugha pana zaidi. Inatangaza usawa wa raia wote na kuitaka dola kukuza mila na lahaja za jamii ndogo. Umbali kati ya maandishi hayo na hesabu ya viti ndio umbali ambao raia huupima anapoulizwa kama anaiamini serikali. Utawala wa Jubaland, ulioundwa Kismayo mwaka 2013 chini ya Ahmed Mohamed Islam, maarufu kama Madobe, umekuwa kwa muda mrefu katika mvutano na Mogadishu. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulipelekea pande mbili kukana uhalali wa kila mmoja, na mwezi uliofuata majeshi yao yakapigana Ras Kamboni, katika pwani ile ile ya Wabajuni. Mkaazi wa visiwani analazimika kuuliza swali ambalo taasisi zilipaswa kumwondolea: ni stakabadhi ya nani itakayotambuliwa kesho?

6.0 Bahari, leseni na mgao

Kwa jamii ya wavuvi, dola hujulikana zaidi baharini kuliko mahali pengine. Baada ya 1991 meli za kigeni zilivua bila udhibiti katika maji ya Somalia. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2014 ilitenga maili 24 za karibu na pwani kwa ajili ya Wasomali na kupiga marufuku kukokota nyavu chini ya bahari. Desemba 2018 serikali ya shirikisho ilitoa leseni kwa meli 31 za China kuvua jodari nje ya eneo hilo. Kwa upande mwingine, kesi ya mpaka wa bahari iliyofunguliwa na Somalia dhidi ya Kenya mwaka 2014 iliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, kwa sehemu kubwa kwa faida ya Somalia, ingawa Kenya ilikataa kuutambua uamuzi huo.

Haya yote ni matendo halali ya dola. Lakini yanaihusu bahari bila kumfikia mvuvi. Ada ya leseni hulipwa mbali, na hesabu yake haisomwi ufukweni. Mpaka huamuliwa kati ya mataifa mawili, ilhali wanaovuka mstari kila msimu ni watu wa ukoo mmoja wenye lugha moja.

Utaratibu huo ulinganishwe na ule unaojulikana katika pwani nzima ya Waswahili. Chombo kinaporudi, samaki hugawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha na ya mabaharia. Mgao hufanywa mbele ya macho ya wahusika, kwa kanuni inayojulikana kabla ya safari. Anayeona amepunjwa anajua amlalamikie nani, na nahodha mpunjaji hukosa mabaharia msimu unaofuata. Mambo matatu yanaonekana hapa: kanuni iliyotangulia, hesabu ya hadharani, na gharama kwa anayeivunja. Taasisi nyingine zinazobaki na heshima, yaani misikiti, walimu wa chuoni na mabaraza ya wazee, zina sifa zinazofanana. Zisipambwe kupita kiasi: sauti za wanawake na vijana ndani yake ni ndogo, na hazina uwezo wowote mbele ya bunduki. Zimehifadhi imani kwa sababu zinafikika na zinawajibika, hata pale zinaposhindwa.

7.0 Lugha kama cheti cha uraia

Imani ina pande mbili. Taasisi nazo humwamini au humshuku raia. Mbajuni asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa daftari za dola zilisambaratika, amejikuta akithibitisha utaifa wake kwa ulimi. Katika Uingereza, maombi ya hifadhi ya watu waliojitambulisha kuwa Wabajuni wa Somalia yamechunguzwa kwa uchambuzi wa lugha, ukiwemo ule uliofanywa na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab. Mei 2014 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza, katika mashauri ya Wasomali kutoka Scotland, iliweka mipaka: ripoti za aina hii zaweza kupokelewa, lakini mchambuzi asivuke utaalamu wake na kuanza kuamua ukweli wa simulizi ya mwombaji.

Tatizo la kiisimu ni bayana. Kibajuni kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, na watu waliokaa Jomvu au Mombasa kwa miaka mingi huchukua matamshi ya wenyeji wao. Lafudhi hubeba historia ya safari. Haiwezi kubeba peke yake mzigo wa pasipoti. Upande wa pili nao una hoja: wapo waliodai asili ya visiwani bila ya kuwa nayo, na kila dai la uongo humwongezea shaka mwenye dai la kweli. Mwaka 2023 Somalia ilianza kutoa upya kitambulisho cha taifa kupitia mamlaka maalumu ya utambulisho na usajili. Kama usajili huo utafika visiwani, na kwa lugha gani, ni suala la kisera lenye uzito kuliko linavyoonekana.

8.0 Funzo kutoka Lamu

Upande wa Kenya unatoa ulinganisho ulio karibu. Wabajuni wa Lamu nao wana kumbukumbu za kupoteza vijiji vya bara wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960. Hata hivyo, ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulipotishia maeneo ya uvuvi, wakaazi walikwenda mahakamani. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kushirikishwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Malipo yalichelewa na mazungumzo yakawa marefu. Lakini jambo moja lilithibitika: wavuvi walisikilizwa kama wavuvi na raia, bila kuulizwa ni koo gani iliyokuwa nyuma yao. Hata mwenye kulalamikia ucheleweshaji wa hukumu anakiri kuwa kuna hukumu. Malalamiko ya aina hiyo ni dalili ya uhusiano ulio hai kati ya raia na dola; ukimya wa Chovae usichukuliwe kuwa ni kuridhika.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonesha kwamba uhaba wa imani katika pwani ya Kismayo una historia inayoeleweka na sababu zinazoweza kutajwa. Mgawanyiko wa koo umekuwa ukipewa nguvu na taasisi zinazogawa haki kwa kufuata ukoo. Kwa msingi huo yanapendekezwa mambo manne.

Kwanza, usajili wa raia upelekwe visiwani kwa chombo cha baharini, ukisimamiwa na maafisa wanaozungumza Kibajuni, na fomu zake zisiwe na swali la ukoo. Pili, mapato ya leseni na ushuru wa uvuvi yabandikwe na kusomwa hadharani kwenye madiko, na sehemu yake ionekane katika huduma moja inayoweza kuguswa, kama vile kisima au zahanati. Tatu, kuwe na mahakama ya kutembea yenye kadhi na hakimu, yenye uwezo wa kutekeleza hukumu dhidi ya mkosaji wa ukoo wowote. Bila utekelezaji, mahakama itakuwa baraza jingine la maneno. Nne, Somalia na Kenya, bila kusubiri tofauti zao za mpaka ziishe, ziafikiane juu ya kibali cha pamoja kwa wavuvi wadogo wa Kibajuni.

Mapendekezo haya ni madogo kwa makusudi. Mikutano mikubwa ya maridhiano imefanyika Arta, Nairobi na Mogadishu, na mkaazi wa kisiwani amezisikia habari zake redioni. Asichokiona ni amana ndogo iliyowekwa na ikarudi: jina lililoandikwa sawasawa, chombo kilichoporwa kikarejeshwa, fungu lililohesabiwa mbele ya macho yake. Hilo lisipofanyika kwa wakati, vijana wataendelea kuondoka, na siku dola itakapofika Chovae na daftari lake huenda isimkute wa kumwandika.